Boma la Baba Ndani ya Simu

Sina subira. Nalisema hili mapema ili msomaji asinihurumie mahali nisipostahili kuhurumiwa. Jambo naeleza mara moja. Ukiniuliza tena naeleza nikiwa nimekunja uso. Ukiniuliza mara ya tatu nakuambia umuulize mwingine. Nafanya kazi ya saiba hapa Litein, kupiga chapa barua za watu, kutoa kopi na kuwajazia fomu za serikali mtandaoni, na ulimi wangu umenifukuzia wateja wengi. Wateja hurudi, au huja wengine. Boma la baba yangu halitarudi.

Boma hilo lilikuwa ndani ya simu. Najua inavyosikika. Dada yangu alipolisikia neno hilo mara ya kwanza alicheka mpaka akakata simu. Lakini ndivyo lilivyokuwa: kulikuwa na mchezo wa mtandaoni wa kulima, ambao kila mchezaji hupewa kipande cha mlima, akapanda, akafuga, akauza sokoni, na majirani wakaweza kupita shambani mwake wakamsaidia kumwagilia. Hakuna bunduki, hakuna mbio. Vijana wengi waliuona unachosha. Nilimwekea baba mchezo huo ili asikae akitazama ukuta.

Baba alitoka kule ziwani akiwa kijana, akaja kuchuma majani chai katika shamba kubwa la kampuni upande wa Kericho. Alichuma kwa zaidi ya miaka thelathini. Mimi na dada tulizaliwa kwenye laini, zile safu za nyumba za wafanyakazi ambazo kila mlango una namba na hakuna mlango ulio wa mtu. Mashine za kuchumia zilipokuja, watu wa umri wake ndio waliotangulia kuambiwa asante. Nyumba ikarudi kwa kampuni, naye akahamia karibu nami, chumba kimoja katika ploti ya kupanga nyuma ya soko. Kule alikozaliwa, ndugu zake walikuwa wamekwisha kugawana hata njia ya ng'ombe. Alikuwa amebakiziwa mahali pa kuzikwa, si mahali pa kulima.

Mama alifariki tukiwa bado kwenye laini. Kwetu, mwanamume akishakomaa huanzisha boma lake mwenyewe: anaweka lango, na nyumba ya mke wa kwanza inasimama ndani ikilitazama lango hilo. Baba alimwahidi mama nyumba hiyo miaka nenda miaka rudi. Mama hakuwa mtu wa kulalamika, na nadhani hilo lilimuumiza baba zaidi kuliko kama angelalamika. Alikufa nyuma ya mlango wenye namba. Baba hakulitaja jambo hili hata siku moja, lakini mimi na dada tulilijua.

Mwanzoni simu ilimkataa. Vidole vyake vya kuchumia, gumba na cha shahada, vilikuwa vimekomaa kwa utomvu wa chai hadi kioo hakikuvitambua. Aligonga, kikanyamaza. Akagonga tena kama mtu anayebisha hodi kwa jirani anayejua yumo. "Hii simu hainijui," akaniambia, akataka kunirudishia. Tukajaribu kidole kimoja kimoja mpaka tukagundua kwamba kidole cha mwisho, kile kidogo, bado kina ngozi ya kawaida. Kidole hicho ndicho alicholimia miaka mitatu.

Wiki ya kwanza sikuelewa anachofanya. Kila anayeanza mchezo ule hupanda kwanza, maana mazao ndiyo yanayompandisha ngazi. Baba alizungusha ua wa miti, akaacha upenyo, akaweka lango. Kisha akajenga nyumba moja ikilitazama lango. Nikamwambia, "Baba, utabaki nyuma. Panda kwanza." Hakuinua macho. Akasema, "Mwenye nyumba amengoja sana." Nilitoka nje nikajifanya nimesahau nguo kwenye kamba.

Baadaye alipanda mihogo na mtama, vitu vya kwa mama yake. Chai ilikuwemo katika orodha ya mbegu na ilikuwa na faida kuliko vyote. Hakuigusa kamwe.

Tangazo la kufungwa lilikuja mchana, mvua ya mawe ikipiga mabati ya saiba hata sikumsikia mteja aliyekuwa mbele yangu. Waliosema ni kampuni yenye mchezo, watu wa ng'ambo ambao sijawahi kuwaona sura. Seva ya kanda yetu ya Afrika Mashariki ingezimwa kwa kuwa wachezaji ni wachache, na mashamba yasingeweza kuhamishwa. Seva, kwa asiyejua, ni kompyuta ya mbali inayohifadhi mchezo wote. Ikizimwa, kila kilichojengwa ndani yake kimekwisha. Nilisoma mara mbili. Kisha nikamfokea mteja kwa kosa ambalo lilikuwa langu.

Baba nilimkuta amekaa kwenye benchi nje ya chumba chake, akimwagilia mihogo. Nilimweleza. Akamaliza mstari aliokuwa akiumwagilia, ndipo akasema, "Kampuni ikisema imefunga, imefunga."

"Hii si ile kampuni yako, Baba."

"Nyathina, kampuni ni kampuni." Nyathina ni mwanangu kwa lugha yetu, na akilitumia neno hilo ujue mjadala umekwisha.

Mimi sikuona kama umekwisha. Nilikasirika, na hasira yangu ikikosa mtu wa kumwangukia huwa inatafuta kazi. Jioni hiyo niliingia katika uwanja wa mazungumzo wa mchezo, nikawakuta wachezaji wa Eldoret, wa Mwanza, wa Kampala, wote wanaomboleza. Nikawaandikia kwamba maombolezo ni ya maiti na seva bado inapumua. Kufikia mwisho wa wiki tulikuwa na kundi letu kwenye WhatsApp, tulikuwa na barua niliyoipiga chapa mwenyewe, na kila mtu alikuwa akiituma kwa kampuni kila siku asubuhi kama anayemeza dawa.

Wavunja moyo walikuja mbio kuliko wachezaji. Dada, ambaye ana kibanda cha nguo pale soko la Bomet, alinipigia.

"Wewe huna kazi? Mzee ako na presha. Badala umpeleke kliniki Kapkatet ukae na yeye, unapigania katuni."

"Hiyo katuni ndiyo inamtoa kitandani asubuhi."

"Ndio nasema. Saa hii ameshakubali inafungwa. Unamrudishia moyo ya nini? Ikifungwa tena mara ya pili, utambeba wewe?"

Nilimwambia ana roho ya jiwe. Nimelifikiria swali lake mara nyingi tangu siku hiyo. Lilikuwa swali zuri, na laiti lingekuja kutoka kwa mtu ambaye sikuzoea kubishana naye tangu utotoni, huenda ningelisikiliza.

Wa pili alikuwa jirani yetu katika ploti, mzee mmoja wa Kisii aliyekuwa karani wa kupima majani katika shamba lile lile la baba. Ingawa amestaafu, kila mtu bado anamwita Karani, naye huvaa sweta ya kazini mpaka leo. Alikuwa akija kukaa kwenye benchi la baba na kuniongelesha kama anayesoma hukumu.

"Mimi nimekaa ofisi ya kampuni, msichana. Barua ya kuomba inaingia kwa faili, faili inaingia kwa kabati. Kabati ikijaa, wanachoma. Hao watu washaamua. Hata mkuwe wengi namna gani, watafunga tu."

"Karani, wewe ndio ulikuwa unachoma?"

"Nilikuwa nabeba kiberiti," akasema, bila kucheka.

Pale stendi ya bodaboda walinibatiza jina la Waziri wa Kilimo cha Simu. Kanisani mama mmoja alisimama akaomba Mungu awaondolee vijana roho ya michezo, akinitazama kwa jicho moja lililokuwa wazi. Nilizoea. Mwenye kunicheka nilimcheka, na mwenye kunihurumia nilimkasirikia, kwa maana kicheko hakikudai kitu lakini huruma inakutaka ukubali kwamba umeshindwa. Kuna siku mbili tatu ambazo nililala nikiamini wako sawa wote. Asubuhi nilituma barua.

Kampuni ikajibu. Hilo hakuna aliyelitarajia, hata mimi. Waliandika kwamba wamepokea barua zetu, na kwamba iwapo kanda yetu itafikisha idadi fulani ya wachezaji wanaocheza kila siku ifikapo tarehe waliyoitaja, seva itaachwa. Idadi yenyewe haikuwa ya kutisha. Nilikimbia nyumbani na barua hiyo mkononi, na viatu vyangu vikajaa lile tope jekundu la njia ya nyuma ya soko.

Baba aliniuliza, "Kwa hivyo wanaweza kubadilisha?"

"Wanaweza."

"Wamesema kwa maandishi?"

"Kwa maandishi, Baba. Hii hapa."

Aliishika karatasi kwa mikono yote miwili. Kiingereza chake ni cha kusoma mabango ya shambani, lakini aliitazama kwa muda mrefu. "Kampuni haijawahi kuniandikia kitu isipokuwa kwaheri," akasema. Kesho yake, kabla sijafungua saiba, alikuwa amevaa koti na kuchukua fimbo yake. Mtu ambaye kwa mwaka mzima alikuwa akienda chooni na kurudi, alitembea mpaka kwa wachumaji wenzake waliostaafu, mmoja mmoja, wa hapa Litein na wa njia ya kwenda Kapkatet, na siku ya Jumapili akapanda gari kwenda kwenye laini yenyewe kuwatafuta waliobaki.

Siku ya tatu alinijia saibani na wazee wawili. Nilikuwa na foleni mpaka mlangoni, watu wa fomu za karo, na mashine ya kopi ilikuwa imemeza karatasi. Wazee walitaka niwasomee kile kampuni inachotaka. Barua ilikuwa ya ukurasa mmoja. Aya ya tatu ilieleza nani atahesabiwa kuwa mchezaji. Niliitazama barua, nikaitazama foleni, nikasema, "Wanataka kuona tuko wengi na tunafanya kazi kila siku. Ni hayo tu. Ingieni mchezoni mlime."

Mzee mmoja akauliza, "Sasa tunaingia aje?"

"Baba atawaonyesha," nikasema, nikarudi kwenye mashine.

Nilichosema hakikuwa uongo. Ilihitajika subira ya dakika tano tu, nami sikuwa nayo.

Wiki zilizofuata zilikuwa njema kuliko nyingi katika maisha yetu, na naona uchungu kuziandika. Baba alikuwa na watu. Asubuhi benchi lake lilikuwa na wazee watatu wanne, kila mmoja na simu yake au ya mjukuu wake, wakishauriana habari za mtama kama wanaoketi ukingoni mwa shamba. Baba aliwagawia kazi. Wewe maji, wewe kuku, wewe palizi. Mtu ambaye kwa miaka thelathini hakufanywa nyapara hata wa siku moja, sasa alikuwa akisema na watu wakaitika. Ghafla shati lake lilikuwa limepigwa pasi. Alianza kula jioni. Karani naye aliendelea kukaa palepale na kusema watafunga tu, lakini sasa baba alimjibu.

"Kidole kimoja hakivunji chawa, Karani. Sisi ni vidole vingi."

Nilikuwa na orodha ya watu niliowashawishi mimi na aliowaleta yeye. Nikikutana nao nawauliza, "Umeingia?" Wananiambia wameingia na wanalima. Uani kwa kanisa nilimwona mama mmoja anayeuza omena nje ya saiba yangu akiwa na simu mkononi, na kwenye kioo niliiona milima ya ule mchezo, kijani, na nikafurahi hata nikamsamehe kwa maji ya samaki anayomwaga mlangoni pangu. Sikuuliza shamba lile ni la nani.

Dalili zilikuwepo. Siku moja nilimpeleka baba kliniki Kapkatet. Tulikaa kwenye foleni saa nyingi, mvua ikinyesha, simu yake imezimika chaji na iko mkobani mwangu. Nikafungua mchezo kwa simu yangu ili nimwonyeshe boma lake likiwa zima, na pale pale mbele ya macho yangu mihogo yake ikaanza kuvunwa, mstari baada ya mstari. Nilidhani ni mtandao, kwamba mvua imechelewesha picha za jana. Baba alitazama pamoja nami akatabasamu. Sikumuuliza kitu, kwa sababu muuguzi aliita jina letu.

Boma la baba likawa la kwanza katika kanda nzima. Jina lake likakaa juu ya orodha, juu ya watu wa Nairobi na wa Dar es Salaam. Kwenye kundi letu watu waliuliza huyu mzee hulala saa ngapi. Nilijibu kwa majivuno kwamba ni mchumaji, nyinyi hamjui mchumaji.

Tarehe ikafika, na jibu likaja asubuhi mbili baadaye. Walitushukuru kwa moyo wetu. Tumepungukiwa na wachezaji arobaini na watatu, kwa hiyo seva itazimwa kama ilivyopangwa.

Sikulia. Nilikasirika, kwa kuwa nilikuwa na orodha. Litein na Kapkatet peke yake nilikuwa na watu zaidi ya sitini, kila mmoja nimemuuliza kwa mdomo wangu. Nikawaandikia kwamba wametuibia hesabu, tena kwa maneno ambayo nisingependa mama ayasome. Wakajibu siku hiyo hiyo, kwa upole, mtu mmoja huko kwao aliyeona afadhali anieleze. Kutoka Litein na Kapkatet walikuwa na akaunti nne tu. Mojawapo, akaandika, ilikuwa ya ajabu kidogo: imefunguliwa kutoka simu sitini na moja tofauti. Samahani, lakini kama tulivyoeleza katika aya ya tatu, akaunti moja ni mchezaji mmoja, bila kujali inatumiwa na wangapi.

Nilitoka nje. Mama wa omena alikuwa akifunika beseni lake kwa sababu mawingu yalikuwa yameanza kushuka.

"Mama, ule mchezo uliingia kwa namba gani?"

"Ya mzee wako," akasema. "Si alisema tupimie wote kwa yake? Akatupa na ile ya siri."

"Alisema kwa nini?"

Alinitazama kama ninayeuliza kwa nini mvua hunyesha. Mumewe alikuwa mchumaji pia. "Namba nzito haifutwi," akasema.

Hapo nilielewa, na nilikaa chini kwenye ngazi ya saiba. Kwenye shamba la chai, mchumaji mmoja ndiye mwenye namba. Mkewe akienda kumsaidia, na watoto shule zikifungwa, majani yao yote huingia kapu lake na kupimwa kwa namba yake. Hata hawa wakulima wadogo wa huku, familia nzima inachuma, na pale kwenye banda la kupimia majani yanaandikwa kwa mtu mmoja. Jina la mwenye kuchuma halimhusu yeyote. Kinachotazamwa ni uzito. Namba nyepesi nyepesi hukatwa kila msimu bila mtu kuinua kichwa, lakini namba nzito nyapara anaijua, meneja anaijua, na watu wakipunguzwa hiyo huachwa mwisho. Mimi mwenyewe nilichuma kwa namba ya baba nikiwa na miaka tisa, nikajivuna ilipoitwa. Kwa hiyo baba alikuwa amekwenda kwa fimbo yake nyumba kwa nyumba, akawaambia watu wasijisumbue kuwa wengi. Wawe wazito. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba kilikuwa kimoja.

Kila mmoja angeingia kwa akaunti yake mwenyewe, tungepita na kubakiza. Nilihesabu mara kadhaa pale kwenye ngazi, na kila mara tulipita na kubakiza.

Mvua ilianza nikiwa njiani. Nilikuwa na maneno yote tayari, nayajua maneno yangu: Baba, ni nani alikuambia, kwa nini hukuniuliza. Nilitembea polepole, jambo ambalo si kawaida yangu, nikitafuta namna ya kuyasema yasiwe na makali, na sikuipata. Ningesemaje? Kwamba lango alilolijenga, na nyumba inayolitazama, vinabomolewa kwa sababu alikuwa mchumaji mzuri? Kwamba kazi pekee iliyowahi kumpa uongozi ndiyo iliyomfukuza?

Alikuwa ndani, mlango wazi, simu inachajiwa. Wazee walikuwa wameondoka kwa sababu ya mvua. Aliniona nilivyolowa akanipa taulo lake.

"Wamejibu?"

"Wamejibu. Wanafunga."

Matone yalikuwa yakiingia mpaka kwenye zulia lake dogo, na hakuna aliyeinuka kufunga mlango.

"Tulikuwa wachache?" akauliza.

Hapo ndipo nilipopaswa kusema. Alikuwa amenishika mkono, na nilikiona kile kidole kidogo, kimekwaruzika upande mmoja kwa kugonga kioo kutwa.

"La, Baba. Tulikuwa wengi."

"Na hawakuona?"

"Hawakutaka kuona," nikasema. "Walikuwa washaamua. Hata tungekuwa wengi namna gani, wangefunga tu."

Alishusha pumzi. Nilitazamia huzuni, na huzuni ilikuwepo, lakini chini yake kulikuwa na kitu kilichonichoma zaidi, kama mtu aliyerudishiwa kiti chake cha zamani. Alikuwa ameijua dunia ya namna hiyo tangu ujana. Alinipigapiga mgongoni kana kwamba mwenye kuhitaji kufarijiwa ni mimi. "Si nilikuambia, nyathina," akasema. "Kampuni ni kampuni."

Siku ya kuzimwa ilikuwa Jumamosi, saa sita mchana. Dada alikuja kutoka Bomet bila kuitwa, akaleta maziwa. Hakusema neno kuhusu katuni. Karani alikuja na kiti chake. Wazee wengine walikuwepo, na mama wa omena, wote na simu zao, na kwenye simu zote kulikuwa na boma moja lile lile. Baba aliwaambia wasivune tena, waache vitu vikiwa vimesimama. Yeye alikuwa amesimamisha picha mbele ya ile nyumba. Tulikaa hivyo, watu wazima kumi na kitu uani, mpaka kioo kikawa cheupe na maandishi ya Kiingereza yakatokea. Baba alibonyeza tena mara moja, kwa uhakika tu. Kisha akaifunga simu akaitia mfukoni.

Karani akakohoa. "Si nilisema," akaniambia. "Mimi nilisema kutoka siku ya kwanza."

"Ulisema," nikajibu.

Dada alinitazama kwa mshangao. Hajawahi kunisikia nikikubali jambo. Karani naye alikuwa amejiandaa kwa mabishano, akabaki na mdomo wazi kidogo.

Baba akainua mkono. "Mwacheni mtoto," akawaambia. "Alijaribu. Alikuwa hajui kampuni, sasa amejua."

Wazee wakatikisa vichwa, na mama wa omena akasema pole. Nilikaa kwenye benchi katikati yao nikiitikia pole hizo moja moja. Katika maisha yote ya baba yangu, hiyo ndiyo kampuni pekee iliyowahi kumwambia ukweli, na mimi ndiye niliyemwambia kwamba ilidanganya.